Photofrin na Leza kwa Saratani ya Umio: Tathmini kwa Mgonjwa Anayeishi Chini ya Jua la Dodoma

Tiba tunayoipima hapa ina vitu vitatu: dawa ya sindano, mwanga mwekundu wa leza, na oksijeni iliyomo katika nyama ya mgonjwa mwenyewe. Dawa ni porfima sodiamu, inayouzwa kwa jina la Photofrin. Marekani iliiidhinisha mwaka 1995 kwa wagonjwa wa saratani ya umio ambao uvimbe umeziba njia ya chakula, na hadi leo hiyo ndiyo kazi yake inayofahamika zaidi katika mfumo wa chakula. Anayeiulizia kwa kawaida ana mzazi au ndugu ambaye ugali ulianza kukwama, baadaye wali, kisha mlenda, na sasa hata uji unapita kwa tabu. Ameambiwa kuna mwanga unaoua saratani bila kupasua. Upo kweli. Tunaipa tiba hii alama za juu kwa kazi inayoifanya ndani ya umio, na alama za chini kwa inayomdai mgonjwa akisharudi nyumbani, hasa nyumbani kukiwa Bahi, Chamwino au Kongwa, ambako kivuli chenyewe ni cha kutafuta.

Dawa ikiingia mshipani inasambaa mwili mzima. Ndani ya siku mbili tatu sehemu nyingi za mwili huwa zimeiondoa, lakini uvimbe, ngozi, ini na wengu huendelea kuishikilia. Peke yake haiui kitu. Ikipigwa na mwanga wa nanomita 630 inapokea nguvu ya mwanga huo na kuikabidhi kwa oksijeni iliyo jirani, na oksijeni hiyo hugeuka kali kiasi cha kuharibu kuta za seli na mishipa midogo ya damu inayoulisha uvimbe. Ukali huo hufa papo hapo, hauwahi kusafiri hata upana wa seli moja. Kwa hiyo kinachokufa ni pale palipo na dawa na palipofikiwa na mwanga. Nao mwanga wa 630 hupenya nyama milimita 5 hadi 10 tu.

Kipimo hicho cha milimita ndicho kinachoamua matarajio ya familia. Uvimbe mnene utabanduka tabaka la ndani na njia itafunguka, ila mzizi ulioingia nje ya ukuta wa umio, tezi za kifuani na madoa ya ini havitaguswa. Kwa saratani iliyochelewa, hii ni tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa kumeza. Anayeiuza kama tiba ya kuponya saratani iliyosambaa anadanganya.

Kuhusu dozi. Kipimo ni miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa mshipa, taratibu, ndani ya dakika 3 hadi 5. Kichupa kimoja kina miligramu 75 za unga. Unatiwa mililita 31.8 za dekstrosi ya asilimia 5 au maji ya chumvi ya asilimia 0.9, unatikiswa hadi uyeyuke wote, na kila mililita inakuwa na miligramu 2.5. Mgonjwa wa kilo 55 anahitaji miligramu 110, yaani mililita 44. Hapo vichupa viwili vitafunguliwa na miligramu 40 zitamwagwa. Mgonjwa wa kilo 37 anatosheka na kichupa kimoja. Tunalisema hili kwa sababu gharama inahesabiwa kwa vichupa, na mgonjwa wa umio hupungua haraka sana. Uzito ulioandikwa kwenye kadi mwezi uliopita si uzito wa leo. Apimwe asubuhi ya sindano, bila viatu na bila koti.

Dawa iliyochanganywa ni nzito kwa rangi, haipitishi macho, hivyo chembechembe zisizoyeyuka ni vigumu kuziona. Dawa ya kutikisa haraka haraka ni dawa ya kujuta. Ikingwe na mwanga mkali, itumike mara moja, na isichanganywe na dawa nyingine ndani ya bomba lile lile. Mshipa uhakikishwe kwanza kwa maji ya chumvi, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa hakuna sindano ya kuibatilisha: sehemu hiyo ya mkono itabidi ifunikwe isipate mwanga kwa siku 30 au zaidi. Muuguzi avae glavu na miwani. Iliyomwagika ifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kabla ya hapo yapo ya kuuliza ambayo yakirukwa huleta maafa. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa pofiria hapewi. Mwenye tundu kati ya umio na bomba la hewa hapewi, wala ambaye uvimbe umeanza kula mshipa mkubwa wa damu, maana nyama ya saratani ikifa hapo ndipo damu itakapotokea. Mishipa iliyovimba ya umio inahitaji tahadhari kubwa, na haifai kuielekezea mwanga. Kwa wagonjwa wenye ini lililoharibiwa na kichocho au homa ya ini, hilo liangaliwe mapema kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa kooni. Ini bovu pia huchelewesha kuiondoa dawa, na siku za kukaa mbali na jua huongezeka.

Kisha dawa nyingine anazotumia. Hapa ndipo makosa ya kimyakimya hutokea, kwa sababu zipo dawa za kawaida kabisa ambazo nazo huifanya ngozi iwe nyepesi kwa jua: doksisaiklini na tetrasaiklini, siprofloksasini, Septrini, griseofulvini ya fangasi, glibenklamaidi ya kisukari, klopromazini, na vidonge vya presha vya kundi la thiazaidi. Mgonjwa anayemeza Septrini kila siku asiiache kwa uamuzi wake. Amwambie daktari kabla ya sindano, na daktari aamue. Aliyepigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, anatakiwa apumzike wiki 4 ndipo aanze tiba ya mwanga. Na aliyeanza na mwanga asubiri wiki 2 hadi 4 ndipo aende kwenye mionzi, kuvimba kwa umio kutulie.

Ratiba ni jambo linalostahili karatasi na kalamu. Mwanga hupigwa saa 40 hadi 50 baada ya sindano. Tuseme sindano imechomwa Jumatatu saa nne asubuhi. Dirisha linafunguka Jumatano saa nane usiku na kufungwa Jumatano saa sita mchana. Kwa hiyo leza ipangwe Jumatano saa mbili au saa tatu asubuhi, ikibaki nafasi ya saa tatu hivi kama kifaa kitasumbua. Mzunguko wa pili wa mwanga, kwa dawa ile ile bila sindano nyingine, unaruhusiwa saa 96 hadi 120 baada ya sindano: Ijumaa saa nne asubuhi hadi Jumamosi saa nne. Ukichoma Alhamisi, mwanga unaangukia Jumamosi na wa pili Jumatatu ya wiki inayofuata, na wikiendi ndipo vyumba vya endoskopi huwa na watu wachache. Jumatatu ndiyo siku ya sindano. Kituo kinachokupangia Ijumaa kiulize nani atakuwepo Jumapili.

Sababu ya ukali huu ni kwamba sindano haifutiki. Mwanga usipopigwa kwa wakati, mgonjwa anabaki na mzigo wote wa ngozi inayoogopa jua, na umio haujafunguka hata milimita moja. Kwa hiyo leza ijaribiwe kabla ya dawa kuyeyushwa: iwake, mwanga wa kutoka kwenye faiba upimwe kwa kipima nguvu, na faiba ya akiba iwepo mezani.

Faiba yenyewe ni uzi mwembamba unaopita ndani ya mfereji wa endoskopi, na ncha yake inatoa mwanga pande zote kama mshumaa mrefu. Kwa umio hutumika ncha ya sentimita 2.5 au 5. Nguvu ni miliwati 400 kwa kila sentimita ya ncha: wati 1 kwa ile fupi, wati 2 kwa ile ndefu. Dozi ni juli 300 kwa sentimita, nayo hutimia kwa dakika 12 na sekunde 30. Muda ni ule ule kwa urefu wowote wa ncha, kinachobadilika ni nguvu ya mashine. Anayeweka wati 1 kwenye ncha ya sentimita 5 amempa mgonjwa nusu ya dozi huku saa ikionyesha kazi imekamilika. Kosa hili halionekani siku hiyo. Linaonekana baada ya siku mbili, endoskopi ikikuta uvimbe umepauka kidogo tu badala ya kuwa umekufa.

Uvimbe mrefu hugawanywa vipande. Ukianza sentimita 27 kutoka kwenye meno na kuishia 34.5, ni sentimita 7.5: ncha ya 5 kwa sehemu ya chini, kisha vuta juu na uweke ya 2.5. Vipande visipandiane. Palipopandiana hupata juli 600, na kama ni kwenye ukuta mzima wa umio, hapo ndipo tundu au kovu la kubana huanzia. Alama zisomwe kwenye endoskopi, si kwa kukadiria kwa jicho, kwa sababu mgonjwa anapumua na umio unajongea wakati wote wa dakika 12. Damu nayo ni adui: humeza mwanga, na ikigandia kwenye ncha hupata joto na kuichoma faiba. Suuza kwanza, subiri ikauke, ndipo uwashe. Mabaki ya chakula vilevile.

Umeme ukikatika katikati, usianze upya. Fanya hesabu. Tuseme zimepita dakika 7: ni sekunde 420, zikizidishwa na wati 0.4 za kila sentimita ni juli 168. Zimebaki 132, ambazo ni dakika 5 na sekunde 30. Andika saa ya kuwasha na saa ya kuzima kwenye faili hata kama mashine ina kumbukumbu yake. Betri ya akiba ya kuendesha leza na mnara wa endoskopi pamoja ni sehemu ya tiba hii, kama ilivyo faiba.

Na oksijeni isisahaulike kwa kuwa haionekani. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anapeleka oksijeni kidogo kwenye uvimbe, na bila oksijeni mwanga na dawa havina cha kuchoma nacho. Damu irekebishwe kabla ya sindano. Wakati wa leza apewe oksijeni puani. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kihamishwe kidole mara kwa mara, kwani nacho kinatoa mwanga mwekundu na kimewahi kuwaunguza wagonjwa wa tiba hii. Taa kubwa za chumba cha upasuaji zigeuziwe ukutani.

Siku zinazofuata si nyepesi. Maumivu nyuma ya kifua huja kwa wengi na huhitaji dawa ya nguvu, si paracetamol peke yake. Homa, kichefuchefu, maji kwenye mapafu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa wazee yamerekodiwa. Jambo linalowatia hofu ndugu ni kwamba kumeza kunakuwa kugumu zaidi kwa siku kadhaa, maana umio umevimba. Hilo linategemewa. Dripu iandaliwe kabla, na vinywaji vianze kidogo kidogo. Uvimbe ukiwa juu kabisa, karibu na koromeo, mgonjwa alazwe mahali palipo na mtu wa kuangalia pumzi usiku kucha. Kwenye endoskopi ya siku ya nne au ya tano tangu sindano, nyama iliyokufa huondolewa kwa upole. Mwenye papara ya kukwangua mpaka kuonekane kusafi ndiye anayetoboa. Baada ya hapo ni uji mwepesi wa ulezi, supu iliyochujwa, maziwa, kisha mlenda na ugali laini. Mlenda una utelezi unaosaidia. Nyama ya kuchoma na makande yasubiri.

Matokeo yake? Jaribio lililochapishwa mwaka 1995, la wagonjwa 236, liliilinganisha tiba hii na leza ya joto ya Nd:YAG. Nafuu ya kumeza ilikuwa sawa, ila kutoboka kwa umio kulikuwa asilimia 1 kwa tiba ya mwanga na 7 kwa leza ya joto. Hiyo ni tofauti kubwa, na ndiyo inayoipa Photofrin heshima yake. Pittsburgh, Marekani, walitoa mwaka 2003 ripoti ya wagonjwa 215: asilimia 85 walipata nafuu, na wastani wa muda wa kumeza bila shida ulikuwa siku 66.

Siku 66 hizo tuziweke mezani, kwa sababu 30 za kwanza, kwa uchache, mgonjwa atazimaliza akikimbia jua.

Siku thelathini za jua

Ngozi na macho hubaki na dawa kwa siku 30 au zaidi, na kwa baadhi ya watu hadi 90. Daktari wa Kijerumani Friedrich Meyer-Betz aliligundua hili kwa mwili wake mwaka 1912: alijidunga miligramu 200 za hematoporfirini, binamu wa dawa hii, na alipotoka juani uso na mikono vilimvimba vibaya. Hilo lilitokea Ujerumani, vuli. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mawingu ya mvua ni nadra. Jua kamili la mchana ni kama laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha ukali wa mwanga. Sebule yenye taa ina mia chache tu. Weusi wa ngozi hauleti kinga hapa. Mgonjwa mweusi huungua, huvimba na kutoka malengelenge kama mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba wekundu hauonekani mapema, na anayesubiri kuona wekundu amechelewa. Kinachotangulia ni hisia ya kuwashwa au kuchomwa. Hapo hapo aingie ndani.

Mafuta ya kuzuia jua ya dukani hayafai kwa kazi hii. Yametengenezwa kuzuia miale isiyoonekana, na dawa hii huamshwa na mwanga unaoonekana, ule ule unaotuwezesha kuona njia. Kinachokinga ni nguo. Inua kitambaa kuelekea dirishani: ukiona mwanga ukipenya, hakitoshi. Kanga moja iliyofuliwa mara nyingi hupenyeza. Kitenge kizito kilichokunjwa mara mbili, suruali ya kitambaa kizito, mikono mirefu, glavu, soksi na kofia pana ndivyo vinavyofaa. Miwani iwe nyeusi kweli, ya kupitisha chini ya asilimia 4 ya mwanga, hata kama mtu anaona haya kuivaa.

Kosa la upande wa pili ni kumfungia mgonjwa gizani. Familia hufanya hivyo kwa mapenzi, na wanamdhuru. Mwanga hafifu wa ndani huivunjavunja dawa iliyobaki kwenye ngozi kidogo kidogo bila kuunguza, hivyo anayekaa gizani wiki nne anatoka akiwa bado na mzigo wake. Akae sebuleni, taa ziwake, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Nyumba ya tembe ina baridi nzuri na giza. Mgonjwa aketi karibu na mlango wa upande wa kivuli wakati wa mchana, asilale kwenye kona ya ndani kabisa. Kwenye nyumba za bati, angalia juu: bati moja la kupitisha mwanga lililowekwa kuangaza korido linashusha jua la saa sita moja kwa moja kichwani.

Safari ya kurudi ndiyo inayowaunguza wengi wasiojiandaa. Anayetoka Dar es Salaam kwa SGR achague treni itakayoingia Dodoma jua likiwa limezama, akae mbali na dirisha, na ndugu waje na gari lenye vioo vyeusi au wasubiri giza. Bodaboda isitajwe. Saluni zenye mashine za kukaushia nywele zinazofunika kichwa, taa ya daktari wa meno, na taa za kupigia picha za harusi zote ni hatari mwezi huo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au mfugaji wa Manyoni ambaye kazi yake yote iko juani aambiwe waziwazi kabla ya sindano kwamba kwa mwezi mzima hatoki mchana. Kama hakuna wa kumsaidia shambani na nyumbani, tiba hii haimfai. Ni bora kulijua hilo mapema.

Ikilinganishwa na njia nyingine

Kwa mgonjwa wa kawaida wa mikoa yetu ya kati, mwenye uvimbe wa katikati ya umio na muda mfupi wa kuishi, chaguo letu la kwanza ni stenti ya chuma inayojitanua, yaani bomba la waya linaloishikilia njia ya chakula ibaki wazi. Inawekwa siku moja, anameza ndani ya siku chache, na anarudi kuota jua lake. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imeonyesha kwamba inawekwa hata bila eksirei chumbani. Mapungufu inayo: husogea, uvimbe huota juu yake, na ikivuka mlango wa tumbo hupandisha tindikali. Mionzi ya ndani ya umio huchelewa kuleta nafuu, lakini nafuu yake hudumu zaidi ya ile ya stenti. Hili lilionekana kwenye jaribio la Uholanzi la mwaka 2004.

Tiba ya mwanga inashika nafasi yake pale stenti inaposhindwa: uvimbe ulio juu sana karibu na koromeo ambapo stenti humkereketa mgonjwa mchana na usiku, au uvimbe uliootea ndani ya stenti. Kumbuka tu kwamba waya za stenti na utando wake hupunguza mwanga unaofika kwenye nyama. Na pale ambapo saratani ndogo imerudi mahali pamoja baada ya mionzi na dawa, Japani wana talaporfini, iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2015: mwanga wa nanomita 664, unaopigwa saa 4 hadi 6 baada ya sindano, na ngozi inatulia kwa wiki mbili hivi. Katika jaribio lao la wagonjwa 26, uvimbe ulitoweka kwa 23. Hii ni kazi ya kuponya, na kwa jua letu ndiyo dawa tunayoipendelea kuliko Photofrin, pale inapopatikana kihalali. Dawa yoyote ya aina hii ikiingizwa nchini, ulizia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kabla ya kulipa.

Kwa saratani ya njia ya nyongo tuna shaka zaidi. Majaribio mawili madogo ya Ujerumani, ya 2003 na 2005, yalionyesha wagonjwa wa stenti na mwanga wakiishi muda mrefu kuliko wa stenti peke yake: siku 493 dhidi ya 98 katika la kwanza. Halafu jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 92, lililochapishwa 2018, likatoa kinyume: miezi 6.2 kwa waliopata mwanga, 9.8 kwa wa stenti pekee. Mgonjwa anayeshauriwa kusafiri kwa ajili hiyo aulize hospitali inajibu nini kuhusu jaribio hilo la Uingereza. Barrett ya umio, yaani utando wa umio uliobadilishwa na tindikali na unaoweza kugeuka saratani, ni habari iliyokwisha. Joto la mawimbi ya redio limechukua nafasi, kwa kuwa tiba ya mwanga iliacha makovu ya kubana kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watatu.

Aliyekwisha kuchomwa Photofrin, ikifika siku ya 30, asitoke tu. Apime kwanza: sehemu ndogo ya ngozi, mkononi na kamwe si usoni karibu na macho, iachwe juani dakika 10. Asubiri saa 24. Hakuna uvimbe, malengelenge wala wekundu, aanze kutoka taratibu, asubuhi na jioni kwanza. Pakitokea chochote, arudi ndani wiki 2 na kupima tena. Na kama kipimo hicho alikifanya kwenye mji wa mawingu alikotibiwa, akifaulu huko hajafaulu hapa: akifika Dodoma akirudie upya, jua la hapa, kabla ya kuvua kofia.